Uvimbe Unaodunda

Jumatatu, 11 Juni 2018
Nimerudi nyumbani, kijijini Gehandu. Moyo umezibuliwa — ati! Kifuani hakuna hata mkwaruzo. Daktari wa Dar anasema aliingiza waya mwembamba hapa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ukafika hadi moyoni. Miaka thelathini na moja nimefundisha, nimeshadanganywa na wengi. Huyu naye bado namchunguza.

Alhamisi, 14 Juni
Kifundo kimevimba, ukubwa wa yai la kanga. Kinadunda. Vidole vimekuwa vya baridi. Mke wangu Kornelia anasema niwapigie simu hospitali. Niwaambie nini — kwamba wamesahau waya wao ndani? Watakana! Naye siku hizi anawatetea mno.

Ijumaa, 15 Juni
Kaja Gidabuday, jirani yangu Mbarabaig. Ng'ombe wake ndio waliomaliza mahindi yangu mwaka jana. Eti kaja kunipa pole. Akaweka vidole viwili juu ya uvimbe, akafumba macho. Anasema si jipu, mshipa umetoboka. Amewatoa ng'ombe damu shingoni tangu ujana, mdundo huo anaujua. Nisikubali mtu achome, niende hospitali haraka. Ahaa! Nikiondoka, nani atalinda shamba? Nimemwelewa vizuri sana.

Jumapili, 17 Juni
Baada ya misa nimemwita Festo wa duka la dawa. Nilimfundisha darasa la nne. Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu. Kasema ni jipu tu, kesho analitumbua. Kornelia kasusa chakula. Shauri yake.

Jumatatu, 18 Juni
Naandika kwa mkono wa kushoto. Festo alianza na sindano, avute usaha. Damu! Nyekundu, ikajaza bomba yenyewe. Alipochomoa ikaruka hadi ukutani. Vitambaa vinne — haikomi. Ni vile vidonge vya kulainisha damu nilivyopewa Dar. Kornelia akapiga yowe, Gidabuday akaingia mbio, akakandamiza kwa kidole gumba. Ikakoma.

Saa nzima sasa hajaondoa kidole. Festo kaenda kutafuta gari. Naogopa kufa, jamani.

Gidabuday hajui kusoma. Anaitazama kalamu. Kauliza naandika nini. Nikamwambia, yaliyotokea.

Kisha kaniomba niandike kwamba siyo yeye aliyechoma. Sasa hivi, kabla gari halijafika. Na niweke sahihi, maana watu wananijua nilivyokuwa nikimsema.

Siyo Gidabuday aliyechoma. Alinikataza.

Nimeweka sahihi. Ya mkono wa kushoto — nani atakubali kuwa ni yangu?