Pamba Ndani ya Chupa

Yaya Masika, dada yangu,

Nimekukasirikia. Nilidhani hasira ingepungua matanga yakiisha, lakini matanga yenyewe hayakuwepo, hatukupewa hata nafasi ya kukaa chini na kulia, basi hasira ndiyo iliyokaa mahali pa kilio na mpaka leo haijanyanyuka. Utanisikiliza mpaka mwisho. Safari hii huwezi kunikatiza na ile yako ya "Furaha, punguza kelele, mahema hayana kuta."

Nianze na maji. Wewe uliyekuwa unazunguka kambi nzima ukiuliza nani ametia dawa kwenye bidoni ya maji na nani hajatia. Wewe uliyemlazimisha yule mama wa kasiksi anawe mikono mbele ya wateja wake kabla ya kuwamiminia pombe. Wewe huyo huyo ukaingia kwa mama aliyetoka kufika na mizigo yake kutoka Masisi, akakupa maji kwenye kikombe, ukayanywa yote. Nilikuwepo. Nilikukanyaga mguu chini ya kitenge. Tulipotoka nikakuuliza una wazimu, ukasema, "Iko na kikombe kimoja tu, na alinipa miye. Ningekataa aje?" Yaya, umekufa kwa adabu! Kila nikikumbuka natamani urudi kidogo tu, nikushike mabega nikutikise, halafu uende zako.

Asubuhi ulikuwa unabishana na mteja juu ya bei ya sambaza, vile visamaki vyako vya ziwani. Jioni macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mikono imekunjamana, na mimi nasema huyu si Masika, huyu ni bibi kizee wa watu. Kwenye kituo walikutundikia serumu lakini tulikuwa tumekufikisha umechelewa. Kisha wakaja wale wa mavazi meupe na mapampu ya klorini. Wakakufunga kwenye mfuko, wakapulizia hema lako, kitanda, viatu, hata beseni la samaki, na sisi tumesimama mbali tukizuiliwa kwa mkono. Hakuna aliyekuosha. Kile kitenge cha ndege ulichokuwa unakitunza kwa ajili ya harusi ya mwanao Kahindo, hakuna aliyekuvika. Najua kolera, kipindupindu hiki, ndivyo inavyozikwa, wamenieleza, nimeelewa, na bado sijawasamehe.

Sasa sikia kilichofuata. Watu walikuona umekonda kwa siku moja. Waliona mfuko. Walijua kazi yako ni ya lile shirika la mambo ya sida, ya ukimwi. Wakayaunganisha wenyewe, na klorini haijakauka kwenye turubai, kambi yote kuanzia kwenye mabomba hadi barabara ya Sake ilikuwa inasema umekufa na sida na shirika limeuficha mwili wako ili lisiaibike. Hapo ningeweza kunyamaza, maana hii kambi husema mengi. Lakini neno hilo lilizaa lingine, na hili la pili nililisikia kwa masikio yangu kwenye foleni ya maji: "Masika njo alikuwa anatupeleka kwa dawa. Kama ile dawa inasaidiaka, juu ya nini yeye alikufa?"

Wasichana wa vibanda wakaanza kuacha dawa, mmoja baada ya mwingine.

Unawajua kuliko mimi. Na mimi nilikuwa mmoja wao ulipoanza kuja. Nilitoka Kalengera na nguo nilizovaa, mume wangu alienda kutafuta njia ya kuturudisha nyumbani akapotelea huko huko, chakula cha msaada kikichelewa kinachelewa kweli kweli, na kwenye vibanda vya kasiksi wanaume hawakosekani: askari, wachoma makaa, madereva wa barabarani. Sikuhitaji mtu wa kuniambia nilichokuwa nafanya. Nilihitaji mtu wa kuniambia namna ya kutokufa. Wewe ukaja na beseni kichwani, sambaza juu, kondomu chini ya plastiki. Ulimuuzia samaki kila mtu, na uliyemtaka ulimwita akusaidie kutua beseni. Shirika lilikuwa limekupa kizibao chenye maandishi makubwa mgongoni. Ulikivaa mara moja tu, wasichana wakakimbia kana kwamba umekuja kukamata watu. Tangu hapo ukakifanya kifuniko cha samaki. Papa Désiré, msimamizi wetu wa shirika, alipokiona kimejaa magamba alifungua mdomo agombe, akaishia kucheka.

Nilimwendea huyo Papa Désiré. Nikamwambia njoo kambini useme kwa sauti kwamba Masika ameuawa na kolera, basi, wasichana wanaacha dawa. Alikuja, sitamsingizia. Alipanda kwenye jiwe na megafoni yake, akaanza kwa Kifaransa, akahamia Kiswahili, akazungumzia kuhamasisha jamii na ushirikiano. Mtu mmoja akamuuliza waziwazi: Masika alikuwa na sida au hakuwa nayo? Na yeye akajibu kama alivyofundishwa, kwamba habari za afya ya mtu ni siri, hata akifa. Siri! Mbele ya watu wote, kwa megafoni! Ungewaona walivyotazamana. "Munaona? Kuko siri." Alikuwa na haki, Yaya, hivyo ndivyo sheria ilivyo, na wewe mwenyewe ungemlaumu kama angesema vingine. Lakini alituacha pabaya kuliko alipotukuta.

Na lile hema la shirika la kupimia watu halipo tena. Ufadhili umesimama. Walikuja na gari, wakakunja hema, wakapakia meza na viti, wakasahau bango la yule mama anayecheka na meno yote. Bado limefungwa pale kwenye miti na upepo wa ziwa unalipiga, linacheka peke yake. Papa Désiré naye sasa anazunguka mjini kutafuta kazi. Sijui nimkasirikie nani. Wageni walikuwa wanakuja kutuuliza tunajisikiaje, wanapiga picha viatu vyetu, wanaondoka, na mimi nilikuwa nawachukia kwa roho yote. Lakini ndani ya hema hilo hilo ndimo nilimopimwa. Ndimo muuguzi alimonishika mkono mpaka nikamaliza kulia, ingawa foleni nje ilikuwa inamsonya. Bila wao leo ungekuwa unanipokea huko uliko. Kinachoniuma ni kwamba walipika vizuri, wakaepua sufuria kabla chakula hakijaiva. Dawa zenyewe zipo bado, kwenye kituo cha afya cha mbali, kwa anayeweza kutembea na anayeamini bado.

Nirudi kwako, maana sijamaliza.

Unakumbuka siku nilipopewa chupa yangu ya kwanza? Tulikuwa tunarudi kwa miguu, na kila nikipiga hatua vidonge vinalia ndani ya mfuko. Nilikuwa natembea kama mtu aliyeiba. Ukanisimamisha kando ya barabara, ukaingiza mkono kifuani, ukatoa chupa. Ya kwako! Ukanyofoa kipande cha pamba iliyokuwa ndani yake ukanipa. "Weka humu. Chupa ikilia, majirani banasikia. Na mutu akikuuliza, sema ni vitamine ya damu." Hivyo ndivyo nilivyojua habari zako. Tulipokaribia mahema ukanigeukia: "Kahindo asijue. Akimaliza masomo nitamwambia miye mwenyewe." Nikaapa. Ulifurahi sana na kiapo changu, ukaniongezea sambaza.

Ulikuwa unazinywa dawa hizo tangu Kahindo yuko tumboni. Ulimzaa mzima. Ulikuwa unabeba beseni kutoka soko la Kituku, ziwani, mpaka huku na pumzi inabaki ya kugombana na kila mtu njiani. Mahubiri yote ya megafoni hayakuwa na nguvu kama mwili wako wewe, na huo ushahidi ukauzibia pamba! Ungesema hata mara moja, kwa watu wawili watatu tu, leo nani angethubutu kusema dawa ilikuua? Ulitufundisha sote, ukajiacha wewe mwenyewe nje ya somo. Halafu umekufa kwa maji ya kikombe na kuniachia siri yako niibebe mimi, nisiyejua kufunga mdomo hata kanisani.

Msichana aliyenifikisha kwenye barua hii ni Sifa, yule mwembamba anayesuka nywele kwenye kibanda cha mama wa kasiksi. Ana mimba, na imeshakuwa kubwa. Nilimkuta amekaa, nikamuuliza amekunywa dawa, akaniambia ameitupa chooni. "Miye sitakunywa tena. Masika alikunywisha watu bote, na akakufa namna ile." Nikamweleza kolera. Nikamweleza mtoto aliye tumboni, kwamba dawa anayokunywa mama ndiyo inayomkinga. Akauliza, "Weye unajua aje kama ilikuwa kolera peke yake?"

Ulimi ulikuwa umeshafika mlangoni, Yaya. Sentensi moja: alikuwa nayo, kwa miaka, na dawa ndiyo iliyomweka hai mpaka kolera ikamchukua. Ningeisema, Sifa angeamini, na jioni hiyo hiyo ingefika kila hema.

Lakini Kahindo alikuwa ameshakuja. Alifika na kaka yako kutoka Butembo, na mimi ndiye niliyewapeleka kwenye kaburi, kule kwenye mawe meusi ambako jembe halishuki. Ana paji lako la uso, hata kukunja kwake ni kwako. Aliniuliza mama yake ameuawa na nini, maana amesikia maneno njiani. Nikamwambia kolera. Ni kweli, sikumdanganya. Akanishika mikono yote miwili akasema asante. Sasa niambie, baada ya hapo ningefunguaje mdomo? Nilimeza ile sentensi, nikarudi hemani, nikakutukana. Nilikutukana kwa Kinyarwanda ili majirani Wanande wasielewe, kisha nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Kesho yake mchana nilirudi kwenye kibanda. Wasichana walikuwepo karibu wote, wengine wanamenya ndizi, Sifa anasuka. Nikatoa chupa yangu. Nikafungua, nikavuta pamba, nikafunga tena, nikaitikisa mbele yao. Ililia! Sikuwahi kuisikia ikilia hivyo tangu siku ile barabarani. Nikawaambia ni yangu, nazinywa kila siku, munaniangalia kila siku, muniambie kama munaona maiti. Unajua wanavyonicheka kwa haya mashavu yangu. Hakuna aliyecheka. Mama wa kasiksi aliweka kata yake chini polepole. Msichana mmoja aliondoka bila kuaga.

Sifa akauliza kama wewe ulijua. Nikasema, "Ni Masika njo alinipelekaka." Hilo ni kweli pia, na haligusi kilicho chako.

Tulienda kituoni pamoja, tukipumzika njiani kwa ajili ya tumbo lake. Muuguzi alitugombeza kama watoto, kisha akampa chupa mpya na kumweleza siku ya kurudi. Amerudi kuzinywa. Nampitia asubuhi nakaa mpaka ameze, ananiita polisi. Wengine wawili wamerudi kwa siri. Wapo wanaosema nimelipwa na shirika, shirika lenyewe lililokwisha! Jirani yangu hataki tena kuazima sufuria yangu, na samaki ninaouza tangu uliponifundisha kazi yako hawanunuliki kama zamani. Kuna wanaovuka njia wakiniona na beseni. Usiku wa kwanza niliogopa. Sasa nimechoka tu, na nikichoka sana nakasirika, na nikikasirika naendelea kutembea. Mtoto wa Sifa hajazaliwa bado. Sijui itakuwaje. Nasema hivyo kwa sababu hukupenda mtu anayejifanya anajua.

Ahadi yangu kwako ni hii. Kahindo hatasikia chochote kutoka kwangu akiwa bado kwenye masomo. Lakini akishakuwa mtu mzima, akinijia mwenyewe na kuniuliza uso kwa uso, nitamwambia, na nitamwambia pia jinsi ulivyobeba beseni baada ya beseni kutoka Kituku ili asome. Ulisema utamwambia mwenyewe, hukufanya hivyo, basi usinilaumu. Na wasichana wa vibanda sitawaacha, pawe na hema la shirika au pasiwe na hema.

Nilipita kaburini kwako leo nikienda kuchukua samaki. Nilikuwa nimeibeba ile pamba uliyoninyofolea, nikainua jiwe moja, nikaiweka chini yake. Ni yako, irudi kwako. Kisha nikatupia chupa ndani ya mfuko, nikajitwisha beseni, nikashuka kuelekea Kituku, na kwa kila hatua ilikuwa inalia.

Wewe lala, Yaya. Siri yako iko salama. Kelele niachie mimi.

Mdogo wako,
Furaha