Shuka ya Kumi na Mbili

4 Machi

Wifi yangu kipenzi,

U hali gani? Na kaka yangu je, bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Mimi mzima, ila goti ndilo linaloniamrisha siku hizi.

Wifi, Jumamosi kikundi chetu cha akina mama kilikodi basi kwenda kutembelea kasri la mfalme, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nilitaka kukataa, wakaniita bibi kizee, nikapanda. Kwa mara ya kwanza nikapita mlango wa mbele! Ngazi zile tulizokuwa tukizisikia tu juu ya vichwa vyetu, nimezikanyaga kwa viatu.

Kisha wakatushusha kwenye chumba chetu cha kufulia. Ndani ya kabati la kioo kuna shuka kumi na moja za malkia, zile zenye taji kwenye pembe. Mwongoza wageni akasema, "Zilikuwa dazeni. Dobi mmoja aliiba moja, akafungwa miezi saba. Labda alitaka kulala kimalkia!" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, wifi, wenzangu wasije wakanijua.

Kati ya tuliofua pale tumebaki mimi na wewe. Waandikie wenye kasri kwamba sikuchukua. Wewe watakusikiliza.

Wifi yako, dobi mstaafu

20 Machi

Wifi,

Salamu zimefika, nasi hatujambo. Kaka yako anakoroma, na sasa ameongeza na mchana. Pole na goti. Uzee umebisha hodi, nawe unajifanya hupo nyumbani.

Hayo ya kasri yasikutie homa. Yaliyopita si ndwele. Wageni wale husahau kila kitu kabla hawajafika chooni.

Wifi yako, mke wa kaka yako

2 Aprili

Wifi,

Natumaini mko salama. Ndwele hii ni yangu, na ninayeugua ni mimi.

Sikukuambia yote. Kando ya kabati kuna picha yetu madobi, na mimi nimechorewa mshale mwekundu. Wenzangu hawakunitambua kwa kuwa nilikuwa kijana. Lakini mwezi wa sita shule ya mjukuu wangu inapelekwa huko, na yule mtoto ni mimi mtupu, sura hadi pengo. Wenzake watamwona mara moja. Nimekuomba barua moja tu.

Wifi yako

29 Mei

Wifi,

Shikamoo. Najua hatujawahi kuamkiana hivyo.

Barua hii nimeianza na kuichana kwa wiki nane. Shuka niliichukua mimi. Mwanangu wa kwanza alipofariki, kaka yako alikuwa safarini, na nyumbani hapakuwa na kitambaa cheupe hata kimoja. Niliifunga tumboni, chini ya aproni. Ndiyo aliyozikwa nayo. Walipokukamata wewe kwa sababu zamu ilikuwa yako, nilijiambia nitasema kesho. Kesho hiyo imekuwa miaka thelathini na minane.

Jana niliwaandikia wenye kasri, nikaeleza yote. Nisamehe.

Mke wa kaka yako

11 Juni

Wifi,

Leo sikuulizi hali.

Wenye kasri wameniandikia. Picha imeondolewa, mjukuu wangu ataenda na kurudi salama. Kwa hilo, asante.

Mtoto yule nilikuwa shangazi yake. Ungeniambia siku ile, ningekushikia mlango upite. Hata kifungo ningekikubali kwa ajili yake, na mdomo wangu ningeufunga.

Lakini mama, wifi! Nilipotoka jela alikataa kula nilichopika. Wewe ulimuuguza miaka sita, ukamwosha, ukamlisha, na ukamsikia akisema, "Mimi sikuzaa mwizi, yule si wangu." Alikufa mimi nikiwa uani, hakutaka niingie. Neno moja lingetosha, na wewe ulikuwa umekaa kitandani kwake.

Jana nilikwenda kaburini, nikamsomea barua yako yote. Kisha nikairudia kwa sauti kubwa zaidi, maana nasikia miaka ya mwisho masikio yake yalikuwa mazito. Wewe ndiye unayejua.

Binti yake