Ili Selestina Arudi

Jumatatu, 5 Agosti

Baridi kali leo Tlawi. Nimekamua, nimepika uji wa ulezi, nimeupeleka kwa Mzee Tluway kabla jua halijafika bondeni. Kazi hii ilikuwa ya rafiki yangu Selestina. Tangu tumzike naifanya mimi. Jumuiya ya kanisa haikunituma, nilijichukulia tu. Mzee yuko peke yake, wanawe wako Arusha, miguu imegoma. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaonja. "Mama Dani, uji huu umepikwa au umesuuzwa?" Nimecheka. Sikuwa nimecheka tangu Mei.

Selestina angemjibu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimekwenda Masakta. Baba Dani nimemwambia naenda Katesh kuulizia mbegu. Uongo. Basi mpaka Katesh, kisha bodaboda na vumbi lake. Kuna mtu huko, watu husema anawarudisha waliokufa ghafla. Selestina alikufa ghafla. Asubuhi kichwa kinauma, jioni hatuna mtu. Tumelima maharage pamoja tangu tuolewe. Watoto wangu yeye ndiye aliyewaogesha wa kwanza. Sioni kwa nini nikubali.

Mganga si mzee wala hatishi. Ana simu mbili, zote zinaita. Amesema inawezekana. Ila anayeingia hupita mlango wa anayetoka, kwa hiyo lazima mtu aende. Nikasema niende mimi. Akakataa: mimi ndiye wa kumpokea. Anatakiwa mtu anayekula kwa mkono wangu na kunishukuru. Amenipa unga wa dawa umefungwa kwenye gazeti. Nitie kidogo kidogo kila siku. Nikiona udongo wa kaburi umepasuka, nijue Selestina yuko njiani.

Nilijua ni nani kabla sijafika stendi.

Ijumaa, 9 Agosti

Mzee Tluway ameishi sana. Padri alishampaka mafuta ya wagonjwa. Mwenyewe kila siku analalamika kwamba Mungu amemsahau. Selestina ameacha watoto, mdogo bado analia akisikia geti. Nikipima hivi na hivi, naona wazi.

Nimesali rozari nzima nikimwomba Mama Maria asinizuie. Sala gani hiyo. Lakini nimeamua.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimetia. Ncha ya kijiko.

Mzee amekunywa wote. "Leo umepikwa," akasema. Kisha akanibariki kwa Kiiraqw, maneno marefu, mimi na nyumba yangu na ng'ombe wangu na watakaozaliwa. Nikaitikia amina. Niliitikia kweli, sikuona aibu.

Jumapili, 11 Agosti

Misa. Sikupokea komunyo. Baba Dani akauliza, nikasema tumbo.

Uji nimepeleka. Nimetia.

Jumanne, 13 Agosti

Leo nitaandika yote nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi nimemkuta mzee anatapika tangu jana. Macho yameingia ndani. Nimemfuta mdomo, nimempa uji uleule, na dawa ndani yake. Akanywa kidogo tu. Akasema pole kwa kukusumbua. Yeye ndiye anayenipa pole.

Nikapita kaburini. Udongo umepasuka. Ufa mrefu, kidole kinaingia. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikapiga magoti na kumwita Selestina kwa jina. Nikarudi mbio nyumbani, nikafagia chumba cha nyuma, nikatandika kitanda. Nikabandika maji ya kuoga. Kiangazi hiki mashamba yote yamepasuka, hata uani kwangu pamepasuka. Hilo nililiona baadaye.

Nikiwa natandika shuka nikaanza kumwona anavyoingia. Atanawa mikono. Atakaa kwenye kile kigoda karibu na moto. Na neno lake la kwanza nikalijua, maana aliniuliza hivyo hata siku ile kichwa kilipokuwa kinamuua: "Mzee amekula?"

Nikakaa kitandani. Ningemwambia amekula nini?

Nikatoka nikikimbia, kanga moja, bila viatu. Mzee alikuwa sakafuni, ameshindwa kufika mlangoni. Nimepiga kelele, kijana wa bodaboda akaja, tukamweka katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kama mtoto. Zahanati wakauliza amekula nini. Nikasema nimemtilia dawa ya mganga kwenye uji.

"Nani amemtilia?" Muuguzi alidhani hajasikia vizuri.

"Mimi."

"Wewe? Mama wa jumuiya?"

"Mimi."

Benchi lilikuwa limejaa watu. Wote wamesikia. Na wasikie.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria. Sikwenda, nilikuwa zahanati. Mzee yuko hai. Wamemtundikia dripu. Unga uliobaki nimemkabidhi muuguzi.

Mzee alipoweza kukaa nikamwambia mwenyewe, asiambiwe na watu. Safari ya Masakta, mlango, kila kitu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi ni nauli ya Selestina."

Nikasema ndiyo.

"Kumbe bado nina thamani! Wanangu hata kuku hawanichinjii." Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akageukia ukuta. "Nenda nyumbani, mama."

Jumatatu, 19 Agosti

Wanawe wamepiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji, wanataka nipelekwe polisi. Nimemwambia mwenyekiti nipo, sikimbii. Mzee amekataa. Amesema yeye hajafa, kesi ya nini.

Baba Dani hasemi na mimi. Anakula, anaondoka.

Nimeungama. Padri hakunigombeza, ningependa anigombeze. Amesema Selestina nimwombee, nisimvute. Jumuiya wamesema nisikanyage tena kwa mzee, wamepanga zamu. Wana haki.

Jumatatu, 26 Agosti

Mzee alirudi nyumbani wiki iliyopita. Zamu imekwenda siku chache ikafa. Mmoja ana mavuno, mwingine mgonjwa. Jana hakuna aliyepeleka. Leo nimepika, nimebeba kibuyu, nimepita katikati ya kijiji mchana kweupe. Watu wametazama. Mama mmoja akatema mate. Sikusimama.

Shikamoo yangu ameitikia kwa shida. Nikamimina. Hakupokea.

"Kunywa wewe kwanza."

Wazee hufanya hivyo kwenye pombe, mwenye kupika anaonja mbele ya wageni, nao wanafanya mzaha. Huu haukuwa mzaha. Nikanywa. Alitazama koo langu linavyomeza. Akasema tungoje. Tukangoja, kuku wanaingia na kutoka, uji ukapoa ukafanya ngozi juu. Ndipo akanywa.

Nitapeleka na kesho. Waseme watakavyosema.

Jumapili, 8 Septemba

Upepo tu leo. Baada ya misa nimepeleka uji. Nikanywa kwanza, yeye akaangalia. Bado tunangoja, ila siku hizi tunangoja tukiongea. Kasema Selestina alikuwa anakuja akiimba tangu kule mtoni, na alikuwa hajui kuimba. Nikasema hajui kabisa, kwaya walikuwa wanamweka nyuma. Akanywa, akabakiza kidogo, akanirudishia kibuyu.

Nikashika njia ya nyumbani. Selestina amekufa. Nimelisema kwa sauti, hapakuwa na mtu, na nimelia kuanzia mtoni mpaka getini kwangu.