Jedwali la Pioni Hasi

4 Machi 1998

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima na magoti yamepunguza ukorofi. Sisi huku wazima, ila macho yangu sasa yanasoma gazeti kwa kukisia.

Juzi nikifagia stoo nimekuta daftari letu la chumba cha mahesabu, lile la jalada la kijani. Unakumbuka? Mimi nasoma tarakimu kwa sauti, wewe unazungusha mkono wa mashine ya kukokotoa na kuandika. Pioni, zile chembe ndogo kuliko atomu, ngapi zimepotea zikigonga protoni kwa nishati hii, ngapi kwa ile, kisha tunajumlisha zote ili tujue zilizobaki zinasonga mbele vipi. Mpishi wa kantini alidhani tunahesabu kura!

Dada, nimeona kosa. Pale katikati, ambapo kigawanyo kinakuwa sifuri na jumla inalipuka, Profesa wetu alitufundisha kuliendea shimo hilo kwa hatua sawa kushoto na kulia, ili milipuko ifutane. Upande wa kulia nilikusomea hatua kubwa zaidi. Ndiyo maana kwenye grafu mstari wa pioni hasi haukupita kwenye nukta zilizopimwa maabara. Kosa ni langu, lakini mwandiko ulikuwa wako, wakakufukuza wewe. Nisamehe. Nimelijua juzi tu.

Mdogo wako,
Kasuku

21 Machi 1998

Kasuku, mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananilalamikia kila ngazi. Pole na macho, ingawa wewe sifa yako ilikuwa sauti.

Nimecheka, kisha nimelia. Nimekiona chumba chote: mashine ikikereza, dirisha lisilofunga, wewe ukitangaza "nukta sita tatu" kama dalali wa mnada. Sijapata tena furaha kama ile, nakwambia kweli. Baada ya pale nilipiga chapa barua za watu wengine kwa miaka ishirini na sita.

Ila nina swali. Hesabu zetu zote zilisimama juu ya jambo moja: wimbi la pioni halitokei upande wa pili kabla halijaingia upande wa kwanza. Tokeo halitangulii sababu. Sasa, Profesa alituuliza habari za jedwali siku ya Alhamisi. Wewe uliacha kula na mimi tangu Jumatatu, ukisingizia tumbo. Ulijua lini?

Dada yako

9 Aprili 1998

Dada,

Shikamoo. Safari hii sina habari za magoti wala macho.

Kosa nililiona Jumatatu ile asubuhi, nikipanga karatasi. Nikasema nitakwambia kesho, na kesho ikafika Alhamisi. Profesa alipouliza, "Huu mwandiko wa nani?" nilikuwa nyuma yako, mkono wangu juu ya kiti chako. Niliogopa kufukuzwa. Hakuna zaidi ya hapo. Mwezi uliofuata nikapewa meza yako, nikaikalia mpaka nilipostaafu.

Daftari halikuwa stoo. Lilikuwa kabatini, chini ya nguo zangu, miaka yote hiyo. Nakutumia pamoja na barua hii, maana ni lako. Ukinyamaza, nitaelewa.

Mdogo wako

30 Septemba 1998

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Wanangu wazima, nami sijambo.

Nilikasirika miezi mitano na nusu, sikufichi. Barua yako niliitia kwenye droo, nikaitoa, nikairudisha. Kosa lenyewe halikuniuma. Hata mimi nimekosea hesabu kubwa kuliko hiyo. Kilichoniuma ni mkono wako kuwa juu ya kiti changu na mdomo wako kufungwa.

Kisha nikafungua daftari. Kwenye ukingo wa ukurasa wa kumi na nne umenichora nikisinzia juu ya mashine. Nilikuwa nimeisahau picha hiyo. Nikaomba kikokotoo kwa jirani yangu, mwalimu, nikaanza upya kwa hatua ndogo. Upande wa kushoto nimeumaliza, na umetoka safi.

Upande wa kulia umenishinda. Tarakimu ni ndogo, nikiinama kusoma napoteza mstari, nikiinuka napoteza hesabu. Kazi hii ilikuwa ya watu wawili, na sijamaliza kukasirika, lakini sitaki kufa kabla sijauona mstari ule ukipita kwenye nukta zake.

Njoo na miwani. Njoo Jumatatu, na usiniambie habari za tumbo. Utakula na mimi.

Dada yako