Kwa Vitalis Karangwa, Aliyefikiria Kupanda Tu

Mwaka umetimia leo, Baba Shami, tangu ushuke mteremko wa Kinyinya na gari lako la Kiingereza, breki zikakataa, ukaishia ukutani. Hasira yangu haijapoa.

Kwenye kilio watu walisema umekufa ukifanya ulichokipenda. Nilinyamaza kwa sababu walikuwa wageni wetu. Leo nasema: hata sisi ulitupenda.

Ulikuwa mtu mwema, hilo halina ubishi. Ukienda kwa watu ukasikia mlango unalia, unaomba mafuta ya kupikia na kuutia kwenye bawaba. Jumapili chai ya tangawizi ulipika wewe. Binti yetu ulimfundisha kufungua injini kabla hajajua kusuka nywele.

Gari hilo la zamani ulilikuta Kampala, kuku wanatagia kwenye viti vyake viwili. Miaka minne ulishinda nalo gereji, Gatsata. Ukalitia injini mpya ya Kijapani, usukani mwepesi, taa kali, hata redio ya kuunganisha na simu. "Sasa itapanda kilima chochote cha Kigali," ulituambia, ukacheka mpaka machozi.

Fundi wako Ochieng alikwambia mbele yangu: "Mzee, hii injini ina nguvu sana, na breki ni zile za zamani. Tufunge mpya kwanza."

"Wiki ijayo," ukamjibu. "Acha wanakwaya wenzangu waione kwanza."

Wiki ijayo! Wewe mpima ardhi, uliyeijua miteremko yote ya Kinyinya! Tulipomaliza matanga nikafungua stoo, nikakuta breki mpya ndani ya katoni, hazijaguswa. Ulikuwa umeshazinunua, Vitalis. Niliipiga ile katoni teke, nikaumia kidole, nikakaa chini nikalia.

Kaka yako Mugenzi alitaka mabaki yauzwe chuma chakavu. Nami nilitaka hivyo hivyo. Shami akakataa: "Mama, iko ya Papa. Nitaimaliza." Tumegombana mwaka mzima, tumenuniana mezani. Asubuhi hii nimemtolea katoni kwa mikono yangu, nikamwambia asiguse kitu kingine kabla ya breki.

Tunaokukumbuka: mimi mkeo Praxeda, binti yako Shami, kaka yako Mugenzi, dada yako Alida, na Ochieng, ambaye bado anajilaumu bure.

Tutakukumbuka siku zote, na zaidi tukiwa tunashuka.