Zakiya, Mfarishi Wako Tumeukunjua

Mwaka umetimia, Zakiya, tangu presha ilipokuchukua ghafla, hata maji ya kunywa hukupata kuomba. Ndugu wamenitaka mimi dada yako, Sheikha, niandike kwa niaba ya wote. Nimekubali kwa sababu ninalotaka kukwambia nataka na watu walisikie.

Watu wa mitaa ya Shella na Barani wanakukumbuka kwa mapishi yako, uliyoyapata kwa Wataliano wa Watamu uliowapikia miaka mingi. Wanakukumbuka pia kwa Kitaliano chako, ulichokitumia hata kumgombeza paka. Ukinunua kitambaa ulikinusa kwanza, muuza duka akabaki kukutazama. Hukujua kununa. Mtu akikuudhi ulimpikia, na sisi tukakwambia huo si wema, ni ubwege. Mungu atusamehe.

Kazi ya Watamu ndiyo iliyofanya mwanao Swafwan alelewe nami. Mimi Mungu hakunijaalia mtoto. Ulimleta ana meno mawili, ukawa unakuja siku zako za mapumziko. Akaniita mimi Mama, na wewe akakuita Zakiya tu, kama alivyotusikia tukikuita. Mwingine angeona uchungu. Wewe ulicheka hadi ukakaa chini, ukamwitikia.

Alipokua akapata kazi ya kuhudumia vyumba kwenye meli ya watalii. Mwaka juzi wakubwa wake wakamruhusu achukue mzazi mmoja asafiri naye, kutoka Mombasa hadi Shelisheli na kurudi. Akakuchukua wewe. Ndivyo ilivyopasa, maana wewe ndiye uliyemzaa. Lakini niliumia, na sikusema. Nilikufungia mahamri ya njiani, nikakutania kwamba mtu anayefumba macho kwenye feri ya Likoni atavukaje bahari kuu.

Ulivuka. Abiria wenzako wakiogelea na kucheza muziki, wewe uliona chumba chenye cherehani, wanawake wamezunguka meza wanakata vitambaa. Lilikuwa darasa la kushona mablanketi ya viraka, na mwalimu alikuwa bibi wa Kitaliano. Basi ukawa umefika kwenu. Wenzako walinunua vitambaa kwenye duka la meli. Wewe ulirudi chumbani ukatoa leso zako, kanga ulizosafiria, ukazitia mkasi. Swafwan anasimulia kwamba bibi yule alikufumulia kazi mara kwa mara, maana viraka vyako vilikwenda upande, nawe ukamjibu kwa Kitaliano cha jikoni, wenzako wakacheka mpaka wakaacha sindano. Hukukosa hata somo moja. Wao walikuwa na jina lao la kitu kile. Wewe ulikiita mfarishi, neno la bibi yetu.

Ulinishonea mimi. Uliporudi ukanikabidhi mbele ya ndugu na majirani waliokuja kukukaribisha. Nikakunjua mkunjo mmoja. Kiraka kilichokuja juu kilikuwa na maandishi ya leso, makubwa, meusi: SI MZAZI.

Wanawake wa pwani tunajua leso inavyosema. Mtu humvalia jirani leso ya matusi akampita mlangoni bila kufungua mdomo, na jirani akalia siku nzima. Nami tayari nilikuwa na donge la ile safari ya mzazi mmoja. Nikajiona nimevuliwa nguo mbele ya watu. Nikaukunja mfarishi nikakurudishia mikononi.

"Dada," uliniambia, "ukunjue mpaka mwisho."

Nikadhani huko mwisho kuna tusi kubwa zaidi. Nikavaa viatu nikaondoka.

Hukukaa kimya. Ulimweleza kaka yetu Abdurahman kwamba maneno yale yanaendelea, ukamwomba aangalie tu. Hakuangalia. Alikujibu, "Mswahili gani asojua kusoma leso kabla ya kuikata?" Sote tukaona amekumaliza. Ulikuja kwangu na mfarishi kwapani, nikaitikia kwa ndani kwamba nimelala, na viatu vyangu uliviona pale kizingitini. Ramadhani ukaniletea kaimati, nikairudisha sahani ilivyo, na shira yake. Mtume katukataza kununiana zaidi ya siku tatu. Mimi nilikununia miezi mitano, na hakuna katika sisi aliyenikanya.

Ukafa.

Tulipokuwa tukizitoa nguo zako sadaka, tuliukuta mfarishi chini ya mto wako. Swafwan, aliyekuwa amerudi kutoka melini, akautandaza kitandani wote. Maneno yalishuka kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, kiraka baada ya kiraka: MAMA, SI MZAZI, TU HATA, MLEZI, NI MAMA. Mama si mzazi tu, hata mlezi ni mama. Swafwan aliyasoma kwa sauti, akanitazama. Abdurahman alitoka nje na hakurudi mpaka magharibi. Mimi nilibaki nimeshika pembe moja ya nguo ile, nikaona na mishono yako ilivyokwenda upande.

Hasira hasara, tunawaambia watoto. Lakini linalonikaa rohoni kuliko yote si kununa.

Siku ya mazishi, kabla hujatolewa nyumbani, wanawake waliambiwa kama ilivyo ada kwamba aliyekosewa na marehemu amsamehe. Chumba kizima kikanigeukia. Nami nikasema kwa sauti, nikijiona mtu mwenye moyo mkubwa, "Nimemsamehe." Wakanisifu. Mpaka leo wako wanaonisifu sokoni kwamba nilimsamehe mdogo wangu pamoja na yote aliyonitendea, nami nawaitikia ahsante.

Leo nayarudisha maneno yale mbele ya wote walioyasikia. Hukunikosea, Zakiya. Sikuwa na la kukusamehe. Aliyehitaji kusamehewa siku ile ni mimi, na wa kunisamehe alikuwa keshavishwa sanda.

Unakumbukwa na mwanao Swafwan, ambaye yuko baharini. Na kaka yako Abdurahman, ambaye ameniomba niandike kwamba naye anakutaka radhi. Na jirani yako Jedida wa Barani, ambaye peke yake alisema kwamba wewe huwezi kumtukana mtu, tukamwambia mambo ya leso hayajui, yeye ni mtu wa bara. Unakumbukwa na mimi.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatuna siku ya kukusahau.