Mlango wa Upande wa Migomba

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Mkutano umekwisha. Watu mia moja na kumi na wawili! Chuoni Nairobi walidhani sitapata hata hamsini. Profesa anayenisimamia atafurahi.

Mimi nimekaa kitandani na viatu vya matope, nataka kulia.

Miaka miwili nasomea kupanga miji na kuinua jamii. Miji endelevu, ushirikishwaji, sijui nini na nini. Nimekariri vitabu vizima. Leo nimeshindwa kutamka neno moja mbele ya watu: choo. Kwa sababu aliyekaa kiti cha mbele, mwenyekiti wa kamati ya soko letu la Rianyambeki, ni mzee Makori. Tata. Baba mkwe wangu! Kwetu mke wa mtoto hataji mambo hayo akiwepo baba mkwe. Hapiti hata mbele yake akienda huko. Yeye naye haingii nyumbani mwangu. Ensoni. Wengine huita aibu, lakini ni zaidi ya aibu, ni heshima na hofu pamoja, unazaliwa nayo.

Basi nikasema “kile kijumba.” Kijumba hivi, kijumba vile. Mtaalamu mzima!

Mchoro wangu ulikuwa mzuri. Choo cha soko, nyuma kabisa, mlango wa wanawake uelekee migombani, mama apite nyuma ya wauza nyanya asionekane na mtu. Wazee wakaugeuza. Kijengwe mbele, karibu na banda la kupimia majani ya chai, milango itazame barabara ili wafadhili wakija wakione bila kushuka garini. Banda la chai! Pale ambapo wazee wote wa Rianyambeki hukaa kwenye benchi kuanzia asubuhi wakingoja mizani. Baba wakwe wa soko zima, kwa safu.

Naibu wa chifu akauliza: kina mama, mnakubali? Kimya. Wakainama, wengine wakacheka ndani ya leso. Akasema, haya, wamekubali.

Nami nikaandika: wanawake wameunga mkono kwa kauli moja. Mkono wangu huu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepita kwa Persis anapouza ndizi. Yeye ni mke wa mtoto wa mzee Onsongo, tuliolewa huku mwaka mmoja. Mjamzito, miezi mitano. Nikamuuliza kwa nini hamkusema. Akanicheka hadi akashika kiuno. Akaniuliza kwani wewe ulisema?

Nikajifanya nachagua ndizi.

Kasema hatakitumia. Hakuna mwanamke atakitumia, labda wageni. Yeye hanywi kitu tangu anywe chai ya alfajiri mpaka arudi nyumbani saa kumi na mbili jioni. Amezoea. Huo ndio mpango wake, na anasema haujawahi kuhitaji mfadhili.

Amenipa ndizi mbili. Nimeshindwa kula.

Jumatano, 15 Oktoba

Barua ya Geoffrey imefika kutoka Nakuru. Nilimwomba mume wangu azungumze na baba yake. Ananiuliza kama nimerogwa. Anasema: nimwambie mzee habari za mahali wanawake wanapojisaidia? Mimi, mtoto wake wa kuzaa? Afadhali uniambie nimvue koti kanisani.

Ana haki. Mtoto wa kiume naye ana ensoni yake kwa baba, tena pengine kali kuliko yangu. Kwa hiyo nani aseme? Hakuna. Tumejengwa hivyo, kila mtu mdomo wake umefungwa kwa mtu anayestahili kusikia.

Hilo halimo katika kitabu chochote nilichosoma.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimeenda Kisii mjini kupiga simu. Foleni ya posta saa mbili nzima. Profesa amesoma sura ya nne ya tasnifu yangu. Amesema ni kazi nzuri ajabu! Hasa ile sehemu ya wanawake kukubaliana. Anataka picha ya msingi kabla ya tarehe saba Novemba, wafadhili wakiiona watatoa sehemu ya pili ya fedha, na mimi nitahitimu na wenzangu.

Nikasema, Profesa, kuna shida kidogo na mlango. Akasema mlango ni mambo ya fundi, Mokeira. Simu ikakatika, shilingi zimekwisha.

Mlango ni mambo ya fundi! Ningemwambia nini zaidi? Kwamba sura ya nne ni uongo? Ningefukuzwa. Nisipomwambia ninahitimu, naitwa mtaalamu, natumwa soko lingine nikaandike uongo mwingine.

Nikapita dukani kwa Bhupendra kuulizia simenti. Yule mzee Mhindi anajua kila soko hapa, amewauzia watu mabati tangu kabla sijazaliwa. Akasema mifuko imeshapakiwa, kesho inaletwa. Akatazama mawingu. Mama, mvua ya mwaka huu si ya mchezo, simenti ikilala kwa unyevu wiki mbili itakuwa jiwe, msinilaumu. Kisha akaniuliza kinajengwa nini. Nikamjibu wazi, choo! Choo cha soko! Limetoka bila taabu. Kwa Bhupendra naweza kulisema mara kumi.

Nimerudi nyumbani nimejichukia.

Jumapili, 26 Oktoba

Mama mkwe naye hataki kunisemea, nimejaribu njia nyingine. Mzee Onsongo. Ni rika moja na Tata, walitahiriwa pamoja, hao wanaweza kuambiana lolote, matusi na yote. Nikampitia kwa mke wake, tukakaa jikoni, mzee nje mlangoni, maana naye kwangu ni kama baba mkwe, mama akawa anapeleka maneno.

Mwanzo akacheka. Kumbe ni jambo dogo hivi! Akaahidi kumwambia Makori kesho. Halafu mama wa watu, kwa wema, akaongeza kwamba hata Persis wetu anateseka.

Kwisha. Kicheko kikakatika palepale. Persis ni mke wa mtoto wake! Umemtajia mzee mahitaji ya mke wa mtoto wake! Nikasikia fimbo yake ikigonga mawe, anaondoka. Mama akabaki ameziba mdomo kwa kiganja.

Sasa hatasema. Akimwambia Makori itakuwa kama anamzungumzia Persis. Ah, Mungu wangu! Kila mlango ninaobisha naufunga zaidi.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Usiku na mchana.

Nimemfuata fundi peke yake. Nikamwonyesha mchoro wa kwanza, mlango wa migombani. Akasema, dada, mchoro ni mzuri, lakini mimi nasikiliza mwenyekiti. Ameshapiga kamba za msingi mbele ya banda la chai. Wazee walikuwa kwenye benchi wakitazama, wamejikunyata chini ya mabati. Nikaondoka kwa kuzunguka mbali.

Jumamosi, 1 Novemba

Sabato. Persis ameanguka kanisani, katikati ya somo. Alikuwa anatetemeka kwa homa, meno yanagongana. Nilimshika kichwa, ngozi inachoma. Wanaume wakamwinua kwa blanketi, wakatembea naye kwenye matope hadi barabarani kutafuta gari. Mzee Onsongo alisimama mbali, kofia mkononi. Hakuweza kusogea. Hata leo hakuweza.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimetoka hospitali. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ni figo. Daktari ni msichana mdogo kuliko mimi, amechoka, koti lina madoa ya dawa. Akaniuliza huyu mama anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Nikasema hanywi. Kwa nini? Nikasema ni muuza ndizi sokoni na hakuna pa kwenda. Akaandika. Akasema anawaona wengi, wa masoko ya huku na ya Nyamira. Wajawazito ndio huumia zaidi. Anakojoa usaha, alisema hivyohivyo, usaha, na mimba haijulikani kama itakaa. Tungoje.

Persis alifungua macho mara moja. Akaniuliza kama wamejenga. Nikasema bado. Akasema, basi usijali, mimi nitauzia nyumbani. Ananiliwaza yeye! Nikatoka nje nikalia karibu na tangi la maji, mbele za watu, bila haya yoyote. Haya zangu zote ziko kwa mtu mmoja.

Nikakumbuka ile sentensi yangu, kwa kauli moja. Chuo kitaijalidi kwa gamba jeusi na herufi za dhahabu.

Mzee Onsongo alikuwa getini. Hakuingia wodini, hawezi. Alimtuma mke wake aniulize daktari kasemaje. Nikamwambia mama yote, sikuficha, hata la usaha, hata la kutokunywa maji. Nikaona anavyomsogelea mumewe, anainamisha kichwa, anasema. Mzee alisikiliza muda mrefu. Kisha akakaa chini, kwenye majani yenye maji.

Jumatano, 5 Novemba

Homa haijashuka. Mimba bado ipo. Sijaandika hata mstari wa tasnifu. Simenti imekaa siku kumi na mbili kwenye stoo inayovuja, naibu wa chifu kasema kesho lazima imwagwe, mvua inyeshe isinyeshe.

Watu wanasema Onsongo na Tata walionekana jana nyuma ya kanisa, wawili tu, kwa saa nzima. Onsongo alikuwa akipiga kelele. Hakuna anayejua kisa.

Mimi najua. Tata jana hakuja kuangalia ng'ombe wake hapa uani. Leo asubuhi nilimwona njiani kwa mbali, akaingia shambani kwa watu kunikwepa. Nimemvunjia heshima yake. Yote kwa yote, hilo ndilo tokeo pekee la utafiti wangu mpaka sasa.

Alhamisi, 6 Novemba

Saa nne kasorobo asubuhi. Niko jikoni. Naandika upesi.

Tata yuko nje. Amesimama kwenye uzio, karibu na ng'ombe, mgongo kwangu. Hakubisha wala hakusalimia. Mama mkwe amekwenda hospitali na uji wa Persis, hakuna mtu mwingine nyumbani, na yeye anajua hakuna. Amekuja hivyohivyo!

Anaongea na ng'ombe. Kwa Ekegusii, polepole, kama mtu anayesoma ombi. Anamwambia ng'ombe kwamba Onsongo amemtukana matusi ambayo hajasikia tangu ujana, na kwamba alistahili. Kwamba yeye hakujua. Miaka kumi na minne anakaa kwenye lile benchi na hajawahi kujiuliza wanawake wa soko huenda wapi. Akafuta uso.

Kisha akasema fundi anamwaga zege leo, sasa hivi, wafanyakazi wamefika. Aliyechora ramani yuko karibu, amesikia hivyo. Kama aliyechora ramani atasema mlango uelekee wapi, hata kwa neno moja tu, yeye atalichukua hadi sokoni, hatageuka wala hatamtazama aliyesema. Kamba zitahamishwa. Lakini lazima alisikie kwa mwenye kuchora, maana mkutanoni macho yake hayakuuona mchoro. Onsongo alichanganya, mara nyuma, mara chini mtoni, na yeye hataki kukosea tena.

Nyuma, upande wa migomba. Ndiyo hayo tu! Wala sihitaji kutaja choo.

Ningemwandikia, lakini macho yake hayasomi tena, mtoto wa jicho uliyaharibu mwaka juzi. Nikimpa mchoro ataushika juu chini. Wafanyakazi nao hawajui kusoma, na wanaojua huko sokoni wote ni baba wakwe wa mtu, hawatasoma neno hili kwa sauti.

Nilisimama mlangoni. Nikafungua mdomo. Nimehutubia watu mia moja na kumi na wawili, nimetetea pendekezo langu mbele ya maprofesa watano, na sauti haikutoka. Hata kikohozi. Nikarudi ndani nikachukua daftari hili. Ona nilivyo! Persis amelala kule na figo zimeoza, na mimi nashika kalamu.

Sokoni nasikia koleo likikwaruza. Wameanza kuchanganya kokoto.

Bado amesimama. Mvua imeanza tena, haendi chini ya paa, koti limeshika mabega. Amekohoa mara moja. Anangoja. Mzee wa miaka sitini na tisa, mwenyekiti, mzee wa kanisa, amekuja kwenye nyumba ya mke wa mtoto wake kuuliza jambo hilo, ametupa heshima yake yote nje kwenye mvua. Na mimi je?

Ametazama upande wa soko. Amegusa lango, anataka kuondoka.

Nikimaliza mstari huu nasema. Nikimaliza huu. Neno ni